Vikao vya mbalamwezi: tulivyokosea mpaka tukajua kuendesha kikundi cha wazazi wa siko seli, Kirumba, Mwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema alinipigia simu. Ana mtoto wa siko seli (selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), amekutana na kina mama wenzake watano kliniki, wanataka waanzishe kikundi. Swali lake la kwanza, "Dada, tuanze na katiba au tuanze na akaunti ya benki?" Nikacheka, sio kwa kumdharau, ila mwaka 2019 na mimi nilianza na hayohayo, na hakuna hata moja kati ya hayo lililotuvunja wala lililotuokoa. Nikamwambia nitakuandikia mdogo wangu. Meseji ikawa ndefu mpaka aibu, nikaona bora niiweke hapa na wengine wasome.

Mi nauza dagaa soko la Mwaloni, hapahapa Kirumba. Mwanangu wa pili alianza kuumwa akiwa na miezi minane, asubuhi namwamsha nakuta vidole vya mikono yote miwili vimetuna vinang'aa, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe akasema kijicho hicho. Sikumbishia, nilikuwa na miaka 24 na sijui chochote, tukaenda kwa mganga nje ya mji, mtoto akachanjwa wembe, ikatoka laki mbili na themanini na mbuzi juu. Nataja hela kwa sababu tukisimuliaga hapo huwa tunaruka. Vidole vikanywea vyenyewe baada ya siku kadhaa, huwa vinanywea, ndo maana mganga anapata sifa. Mwezi uliofuata vikarudi, safari hii na damu imeshuka, tukalazwa, kupima akaonekana SS, yaani ana siko seli.

Daktari alinieleza na alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Mtoto amerithi kwa baba na kwa mama, wote wawili tuna AS, yaani kila mmoja amebeba S moja tu, ile ya ugonjwa, wenyewe wazima tu hatuumwi, na kila mimba tutakayobeba kuna asilimia 25 ya kupata mwingine kama huyu. Vidonge vya foliki kila siku, penisilini mpaka afike miaka mitano, maji mengi, asipigwe baridi, alale kwenye chandarua, homa ikipanda usisubiri asubuhi, na ujifunze kupapasa bandama. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Nilivyotoka pale mlangoni kichwani nimebakiwa na neno moja tu, "amerithi", na kwenye masikio ya mume wangu neno hilo lilisikika kama matusi. Kwetu hakuna huo ugonjwa, alisema, na akaanza kulala sebuleni.

Aliyenifundisha bandama ni bibi wa kitanda cha jirani wodini, analea mjukuu, anakaa Kirumba juu huko kwenye mawe. Alinishika mkono wangu akauweka kwenye tumbo la mwanangu. "Chini ya mbavu za kushoto mwanangu, weka vidole vilale, usibonyeze kama unakanda unga. Msubiri avute pumzi. Sasa kesho hapahapa, na kesho kutwa hapahapa, ukiona kimeshuka kuja kitovuni na mtoto amepauka, wewe beba mtoto ukimbie, usipige simu kwa mtu kuomba ushauri." Maneno ya daktari yalikuwa yaleyale. Ila mkono wa yule bibi ndo umenibaki mpaka leo, na ukiniuliza kikundi kina faida gani nitakujibu ni ile.

Pia ni yeye aliyeniambia nisijione nimelaaniwa, tuko wengi. Kumbe kweli, Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto kama elfu 11 wenye siko seli kila mwaka, na huku Kanda ya Ziwa tumo wengi kwa sababu ya malaria, mtu mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo mababu waliokuwa nayo walipona wakazaa, wakatuachia sisi. Baadaye nilikuja kuona hii habari ya malaria ndo inayowalainisha kina baba kuliko kitu kingine chochote. Ukimwambia mwanaume una ugonjwa kwenye ukoo wenu atakufukuza, ukimwambia damu hii iliwakinga babu zako na malaria anakaa anasikiliza.

Basi tukaanza watano tuliokutana wodini, uani kwa bibi, mkeka mmoja na sufuria ya uji. Tukapanga kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwezi wa kwanza watano, wa pili tisa, wa tatu tukawa watatu. Wa nne tisa tena, wa tano wawili. Nilikasirika, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp maneno makali kwamba watu hawana msimamo, watoto ni wetu wote na mambo kama hayo. Bibi akaniita pembeni, "We mwenyewe muuza dagaa, hebu angalia juu." Sikumwelewa. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Nusu ya wale kina mama wanaanika na kununua dagaa, usiku wa giza asubuhi yake ndo hela yao ya mwezi mzima, sasa mi nawaita kikao Jumamosi ya giza halafu nawatukana. Tukahamishia vikao Jumamosi iliyo karibu na mbalamwezi, na kuanzia hapo kwa muda mrefu hatukupungua kumi na mbili. Mimi niko Mwaloni kila siku na sikuliona hilo! Kwa hiyo dada wa Sengerema, kabla ya katiba kaeni muulizane kila mtu anapata hela yake siku gani, halafu msikutane siku hiyo.

Kosa la hela ndo kubwa zaidi. Mwaka 2020 tukasema kwa kuwa tunakutana, tuweke na mfuko wa kukopeshana, elfu kumi kila kikao, riba kidogo. Wazo zuri tu, vikoba viko kila kona ya Mwanza na vimesaidia watu. Ila angalia kilichotokea. Mama mmoja wa Igombe alikopa elfu themanini anunue ndoo mbili za dagaa, wiki ileile mtoto akabanwa maumivu akalazwa, hela ikaishia kwenye dawa na chakula cha wodini. Kikao kilichofuata hakuja. Na uliofuata hakuja. Mi nikajua anauguza. Siku moja nikamuona stendi ya daladala, na yeye aliniona, akavuta kanga akafunika uso akageukia ukutani mpaka daladala yangu ikaondoka. Nilikaa kwenye kiti moyo unaniuma, maana nilielewa palepale, huyu mtu hatukwepi sisi, analikwepa deni, na sisi ndo tulikuwa sehemu pekee anayoweza kulia bila kuulizwa amekosea nini.

Tulifuta lile deni, sio bila ugomvi, wawili waliondoka na mmoja akasema namtetea kwa kuwa ni rafiki yangu. Ilituchukua miezi mitano huyo mama kurudi. Tukavunja ule mfuko. Wanaotaka kukopeshana wana kikundi chao pembeni, kina siku yake na mwenyekiti wake, hicho ndo kimesajiliwa na kinafuatilia hadi ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Sisi tumebaki na kopo. Elfu moja kila kikao, ukiwa nayo, na hela ikitoka haikopeshwi, inatolewa tu, nauli ya usiku, kipimo, chakula cha anayeuguza. Kopo liko kwa mmoja, ufunguo kwa mwingine, daftari kwa wa tatu, na wote watatu hawakai mtaa mmoja. Hakuna aliyeiba mpaka sasa na sidhani ni kwa sababu sisi ni malaika.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimekuwa nalizungukazunguka.

Mwaka 2021 mama mmoja alitueleza kwenye mkeka kwamba mume wake amekubali kwenda kupima, na majibu yametoka AA, yaani hana S hata moja. Alisema kwa sauti ya chini anaangalia kikombe. Sote tuliokuwa pale tulishaifahamu hesabu, mtoto wa SS anatakiwa apate S moja kwa kila mzazi, baba akiwa AA maana yake watu wataanza kuuliza baba ni nani. Yule mama akaapa kwamba hajawahi kutoka nje ya ndoa. Tukanyamaza. Hatukumwambia tunakuamini, tulinyamaza tu, na ukimya ule nao ulikuwa jibu.

Jumatatu nilikuwa napepeta dagaa na mdogo wangu, stori zikaja, nikamwambia. Nikamwambia usimwambie mtu. Sikutaja jina lakini nilitaja mtaa na kazi ya mumewe, na Kirumba ni ndogo. Alhamisi yule mwanaume alikuta kijiwe kizima kinamcheka. Ijumaa akahama nyumbani.

Miezi miwili baadaye akarudia kupima sehemu nyingine, kipimo kamili, sio kile cha harakaharaka cha kwanza, ikatoka AS. Mtoto ni wake. Siku zote alikuwa wake. Mume mpaka leo anatuma matumizi, kurudi hajarudi, anasema alishaaibishwa. Yule mama hakukanyaga tena uani kwa bibi. Nilimfuata kwake nikamwomba msamaha, akanikaribisha chai, akaniuliza hali ya mtoto wangu, akanisindikiza mpaka njiani. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe.

Nilisimama kwenye kikao nikasema mdomo ulikuwa wangu. Nilitaka kujiuzulu, bibi akakataa, akasema ukiondoka wewe wataona tatizo limeondoka na wewe. Tukaweka utaratibu ambao mpaka leo kila kikao kinaanza nao, kila mmoja anatamka kwa mdomo wake kwamba ya mkeka yanabaki mkekani, hata ukisimulia bila jina, hata kwa mume wako, hata kwenye maombi (hili la maombi liliongezwa baada ya mtu kuombewa kanisani kwa kina sana mpaka waumini wakamjua). Majibu ya vipimo vya wazazi hayasemwi mbele za watu wote kabisa. Tuna wamama wawili wa kusikiliza, tuliwachagua kwa sababu ni wazito wa kuongea, na kuna nesi mmoja anayefahamu kikundi, mambo ya vipimo anapelekewa yeye na yeye ndo anamwambia mtu rudia kipimo kwanza kabla hujavunja nyumba. Huyo nesi hatumlipi, anakuja mara moja kwa miezi mitatu, anakunywa uji wetu, anajibu maswali tuliyoyaandika. Tafuteni mtu wa hivyo mapema. Sisi kabla ya yeye kuna jamaa aliingia kwenye grupu akawa anauza dawa ya majani ya "kumaliza siko seli", elfu sitini chupa, watatu walinunua na mmoja akaacha kumpa mtoto hidroksiyurea, dawa ya siko seli ya hospitali, kwa ajili hiyo, mtoto akaja kulazwa wiki mbili. Siku hizi kwenye grupu dawa haitangazwi, iwe ya majani, ya maji ya upako au ya duka. Anayetangaza anatolewa hata akiwa shemeji yangu.

2022 mwanangu alibanwa kifua, siku kumi na moja wodini, tatu kati ya hizo kwenye oksijeni. Kilichomponza ni kuogelea, niseme ukweli, alitoroka na wenzake wakaenda kuoga ziwani jioni yenye upepo, maji baridi, na usiku ikaanza. Watu wa kikundi walikuja, sina la kusema juu ya hilo, kuna aliyeniletea nguo za ndani bila kuniuliza na nilikuwa nazihitaji kuliko kitu chochote. Ila kikundi chenyewe kilikufa. Namba zote zilikuwa kwenye simu yangu, daftari nyumbani kwangu, mkeka nimeufungia stoo, nesi ananijua mimi. Miezi minne hakuna kikao. Katika hiyo miezi wamama wawili wapya walitumwa kwetu kutoka kliniki, wakaja mpaka uani wakakuta kuku tu.

Mi nilikuwa najisifu kwamba bila mimi hapaendi. Ilikuwa kweli, na ndo ilikuwa tatizo. Kikundi cha wazazi wa wagonjwa lazima kila mtu siku moja apotee, ni suala la lini, kwa hiyo kipangeni kwa ajili ya siku mbaya ya mtu, sio siku yake nzuri. Sasa hivi wanaongoza watatu kwa zamu ya miezi mitatu mitatu, orodha ya namba imeandikwa kwa kalamu na nakala ziko nyumba tatu, mkeka unakaa kwa bibi, uji kwa zamu. Mtu akiuguza zamu yake inarukwa bila kuomba ruhusa.

Wafadhili nisiseme sana. Walikuja watu na fulana, wakapiga picha watoto, wakatoa posho elfu kumi kila mtu kwa vikao viwili, cha tatu hawakuja, na kwenye cha nne tulikuwa wanne maana watu walishazoea bahasha. Tulikaa nusu mwaka kurudisha watu kwenye uji mtupu. Mgeni akija na hela tunamwomba alipie kadi za bima zilizokaribia kuisha, kama ile CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na picha za watoto hatutoi.

Kina baba walitusumbua sana. Tuliwaita kwenye vikao, hawaji. Tukaandika barua, hawaji. Nikiwaza sasa, nani atakuja kukaa kwenye mkeka na wanawake kumi na tano wanalia? Walikuja kwa mlango wa damu. Watoto wetu damu ikishuka wanahitaji kuongezewa, na ndugu wanaombwa wachangie, na saa nane za usiku utampata nani. Mume wangu, huyuhuyu wa sebuleni, ni bodaboda, akaongea na kijiwe chake cha pale Kirumba wakaandika majina kumi na saba na makundi ya damu. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, awe na miaka 18 mpaka 65 na kilo zisipungue 50, kwa hiyo wana karatasi imebandikwa ndani ya kibanda, nani ametoa lini, nani zamu yake. Wanataniana pale, we damu yako bado changa subiri mwezi wa tisa. Hapo ndo wanaongea. Sio mambo ya hisia, wanaongea dawa inapatikana wapi, nani kapandisha bei, mtoto wa fulani amefaulu. Na mume wangu alirudi chumbani, sijui ni damu au ni muda, sikumuuliza.

Mwaka jana tulimzika binti wa miaka minane. Homa ilipanda saa nne usiku, wakasubiri kukuche. Tulienda msibani kumi na nne tumevaa kanga moja, tulilala siku tatu, mpaka hapo tulifanya sawasawa. Kisha mimi kwa akili yangu nikamtoa mama yake kwenye grupu, nikaona tutamuumiza na meseji za dawa na kliniki na picha za watoto. Alinipigia siku hiyohiyo. "Na mimi mmenizika?" Sikuwa na jibu. Nilimrudisha, nikaandika samahani, na usiku ule hakuna aliyeandika kitu kingine kwenye grupu mpaka alipoandika yeye mwenyewe, aliuliza mjukuu wa bibi ameamkaje.

Yeye ndo anashika ufunguo wa kopo sasa. Mama mpya akija, yeye ndo anamshika mkono kumwonyesha bandama, tulidhani atashindwa, akasema niacheni. Kuna siku aliangua kilio katikati, akanawa uso, akaendelea na mtoto wa pili. Hatuna mtaalamu wa saikolojia, tunajua tu kwamba mtu akilia mkekani haambiwi nyamaza na hapewi mstari wa Biblia wala aya mpaka aombe. Ushauri usioombwa nao tumeupiga marufuku, japo bibi anavunja hiyo sheria kila kikao na hakuna wa kumkemea.

Kwa hiyo dada yangu wa Sengerema, katiba ukurasa mmoja unatosha, mkitaka kusajili andikeni muhtasari wa kikao na majina, mkapate barua ya serikali ya mtaa, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaelekeza, wa kwetu alitusaidia hata kuchapa. Akaunti mtafungua mkiwa na hela ya kuweka. Njooni kwanza mkae na sisi kikao kimoja, siku hizi daraja la Kigongo na Busisi lipo, hamna haja ya kusubiri kivuko. Jumamosi hii mbalamwezi imeangukia vizuri. Ila msitegemee uji mtamu, zamu ni yangu, na mpaka naandika hapa sijanunua hata sukari.